Paa la Graeme, Jua la Ivan

Watu wa vilima vya Wellington hawalijui paa la nyumba yao wenyewe. Anayekaa chini ndiye anayelilipia, ndiye anayelipaka rangi, na likivuja linamvujia yeye kitandani, lakini kuliona halioni. Anayeliona ni jirani wa juu. Huyo ndiye anayeamka nalo na kunywa nalo chai, na akishazeeka huanza kulisema kana kwamba ni lake. Mimi kazi yangu ni kukagua mapaa, hasa ya hizi nyumba kuukuu za mbao zilizobandikwa kwenye miteremko ambayo hata mbuzi mwenye akili zake angeikataa, na nawaambieni kweli, nusu ya ugomvi niliouona katika mji huu ulianzia kwenye bati la mtu mwingine.

Jina langu Lafaele. Wazazi wangu walitoka Samoa, mimi nimezaliwa hapahapa, na mwili niliojaliwa si wa kupanda ngazi. Wateja wakiniona nahema kwenye vidato vyao huniuliza kwa adabu kama mkaguzi yuko nyuma anakuja. Nawaambia mkaguzi ni huyuhuyu, mleteeni maji. Na wala sipandi juu ya bati. Sheria hairuhusu kukanyaga paa la mteremko bila kusimamisha jukwaa la mafundi, na kusimamisha jukwaa kwenye kilima kama kile ni ghali kuliko paa lenyewe. Kwa hiyo naingia darini kwa ndani na tochi, natambaa kwa tumbo, natoa nje kamera iliyofungwa kwenye ufito mrefu, na yaliyobaki naenda kwa jirani wa juu kuomba kusimama barazani kwake. Kwa jirani wa juu ndiko kwenye habari zote, na za paa zimo.

Ndivyo nilivyomfahamu Noeline Purvis.

Ilikuwa majira ya baridi, kule Wadestown. Nyumba ya chini yake ilikuwa ya Graeme Titchener, mzee mjane aliyekuwa anauza ili ahamie kwa dada yake, mji wa Nelson. Wanunuzi walikuwa wawili. Wa kwanza ni mjenzi wa maghorofa, ambaye alitaka aibomoe nyumba na kuinua jengo la kupangisha. Huyo habari ya paa hakuwa nayo, maana bati lenyewe angelitupa. Wa pili walikuwa vijana wawili, Hinerangi na mumewe Tipene, waliotaka kukaa humo. Hawa walitoa bei nzuri zaidi, ila kwa sharti kwamba paa likaguliwe kwanza, kwa sababu benki haikopeshi mtu juu ya paa la mashaka. Hao ndio walioniita. Nikisema paa zima, wananunua. Nikisema limekwisha, wanajitoa, na yule bwana wa maghorofa anaingia na matingatinga yake.

Noeline alikuwa anayajua haya yote kabla yangu. Mengine aliambiwa na dalali, na ambayo dalali hakumwambia aliyasikia mwenyewe akiwa amekaa barazani, kwa sababu pale kilimani sauti za chini hupanda juu zilivyo. Siku moja kabla ya ukaguzi alinipigia simu, mtu hanijui simjui, akaniambia nikimaliza huko chini nisikose kupita kwake kwa chai.

Nilianzia kwa Graeme. Kumbe naye alikuwa na lake la kunieleza, na alinieleza huku akinishikia ngazi ya darini na kuniita bwana mkubwa. Zamani alikuwa na msonobari nyuma ya nyumba, mti mkubwa, aliupanda marehemu mkewe. Noeline akalalamika kwamba mti unamlia jua lake. Akaenda halmashauri, akaenda mahakamani, akarudi na ushindi, mti ukakatwa. Graeme akasubiri. Kiangazi kilipofika akalipaka paa lake rangi ya machungwa. Siyo ya matofali, jamani, ya machungwa kabisa, ile ya majaketi ya watu wa kutengeneza barabara. Yeye mwenyewe haimhusu, haioni. Akanunua rangi ya gharama kuliko zote, ile wanayopaka meli, ili isije ikafifia kabla Noeline hajafifia.

"Nikapaka tena ilipofika zamu," akaniambia, na uso wake uling'aa kama wa mtoto. "Nilikuwa nikishuka kwenye ngazi namuuliza kwa sauti, Bi Noeline, hebu nisaidie, kuna mahali nimeruka?"

Noeline naye hakulala. Tangu hapo kila aliyepita, tarishi, mchungaji, msomaji wa mita, aliambiwa kwamba lile paa la chini limeoza, ni chekecheo, siku moja upepo wa kusini utalichukua na mwenyewe akiwa ndani yake.

Basi nikaingia darini. Nilikaa humo muda mrefu kuliko kawaida, kwa raha tu. Kenchi zote za mbao ngumu za zamani, kavu, hazina tundu la mdudu, mbao ambazo ukigongomea msumari unapinda msumari. Bati lenyewe lile nene la kale ambalo siku hizi halipo dukani. Na hapa mtacheka: rangi ya chuki ndiyo iliyoliponya. Mtu mwenye moyo safi angepaka rangi ya bei poa mara moja na kusahau, na leo pangekuwa na kutu tupu. Graeme alilitunza paa lake kwa uadui, na halijawahi kutunzwa paa namna ile. Kasoro niliyoiona ni moja, kipande cha bati kilichoinuka pembeni mwa dohani, kazi ya fundi mmoja asubuhi moja.

Kilichonishangaza ni mifereji ya nyuma. Kwenye kilima kile, chini ya miti, mfereji wa paa huwa bustani. Hii ilikuwa safi, ungeweza kulia chakula ndani yake. Nikamuuliza Graeme nani anayesafisha. Akasema hakuna mtu, ila wiki hii yote amekuwa akisikia posamu, yule mnyama wa mkia mnene, anakwaruza juu ya bati mchana kweupe, naye alishangaa kwa sababu posamu ni wa usiku.

Nikazunguka nyuma. Pale nyuma ukingo wa ardhi ya Noeline unakuja hadi kwenye paa la Graeme, mtu anasimama kwenye udongo na kuegemeza viwiko kwenye bati kama yuko kaunta ya duka. Kwenye matope palikuwa na alama za mabuti ya mpira, madogo, ya mwanamke. Na kwenye majani palikuwa na mwanzi mrefu uliofungwa upawa wa jikoni kwenye ncha yake kwa waya. Nikaelewa. Ajuza anayekaribia miaka themanini alikuwa akisimama pale kwenye utelezi kumsafishia mifereji mtu ambaye hajamsalimu tangu mti ulipokatwa. Nilicheka peke yangu hadi mbavu zikaniuma.

Nikapanda kwake. Chai ilikuwa tayari, na skonzi za jibini zilikuwa mezani, moto. Hata sijakaa vizuri akaanza. Kwamba nimeliona lile paa? Ni imara, sivyo? Na rangi yake jinsi inavyochangamsha, hasa asubuhi za mawingu. Chai ilinipalia. Nikamuuliza, lakini mama, si wewe uliyekuwa unaambia watu limeoza?

"Nilikuwa na hasira, mwanangu," akasema. "Hasira si ukaguzi. Kula."

Ndipo nikamwona mumewe. Pembeni mwa baraza pana chumba cha vioo, na ndani yake alikuwa Ivan kwenye kiti cha magurudumu, amefunikwa blanketi, macho ameyafumba. Alikuwa seremala, na anayejua mikono ya maseremala angeitambua ile palepale. Kiharusi kilimpiga, kikamwacha na upande mmoja tu wa mwili na bila neno hata moja. Wauguzi waliompandisha kwa vile vidato siku aliyotoka hospitali walifika juu wamekufa kwa uchovu, wakamwambia Noeline asimwondoe tena pale isipokuwa nyumba inaungua. Tangu siku hiyo hakutoka. Kutwa alikuwa humo. Wakati wa baridi jua linapita chini, linavuka juu ya paa la Graeme na kuingia chumbani, na Noeline alikuwa akikisogeza kile kiti kidogo kidogo sakafuni kulifuata, kuanzia baada ya kifungua kinywa mpaka alasiri. Jua likimfika usoni, ule uso uliokakamaa ulilegea. Mahali pengine popote ulibaki vilevile.

"Hili ndilo nililobakiza kumpa," Noeline akaniambia, na safari hii hakuwa na porojo. "Wakijenga maghorofa pale chini, atakaa gizani mpaka nimzike. Wewe niambie tu, wale watoto watanunua?"

Niliona aibu kwa kicheko changu cha kule nyuma. Nilitamani nimwambie, mama, paa zima, lala usingizi. Lakini matokeo ya ukaguzi ni mali ya aliyeniita, hiyo ndiyo miiko ya kazi yetu, na mimi siivunji. Nikamwambia anywe chai yake, asiwe na wasiwasi. Ah! Afadhali ningenyamaza. Usiwe na wasiwasi ni maneno ya daktari mwenye habari mbaya, na Noeline aliyapokea hivyohivyo. Mambo yaliharibikia hapo.

Siku ya pili yake wanunuzi walikuja kuitazama nyumba mara ya mwisho, nami niliitwa niwaeleze niliyoyaona. Hinerangi alikuwa mjamzito. Alinivuta kando kwenye masanduku ya barua pale chini ya ngazi akaninong'oneza. Nyumba ni ndogo, na mama yake, Parehuia, yuko peke yake huko Tokomaru, kifua kinamsumbua, wanataka kumleta. Je, nyumba ile inaweza kubeba ghorofa moja juu? Kama haiwezi si neno, watakigeuza chumba cha kufulia kiwe cha kulala, mama ameshalala pabaya kuliko hapo. Ila nisimwambie mtu, dalali akisikia tu atawapandishia bei.

Nikamjibu kwamba mimi mkaguzi wa paa, habari ya ghorofa ni ya mhandisi, nitalifikiria. Hilo ndilo nililomwambia. Moyoni nilikuwa nimeshaamua kuandika ya paa na kuyaacha mengine yapite, kwa sababu hakuna aliyeniita kwa hayo mengine. Nilikuwa namuona Ivan na kile kiti chake, na ghorofa hiyo nayo ingemkinga jua kama maghorofa ya yule mjenzi. Mama atalala kwenye chumba cha kufulia, nikajisemea, na dunia haitaanguka.

Tukaingia sebuleni, mimi, hao wawili, dalali, na Graeme akiwa jikoni anajifanya anaosha kikombe. Mara mlango unafunguliwa, nani anaingia? Noeline. Amevaa koti lake la kanisani, mkononi sahani ya skonzi zilizofunikwa kitambaa. Graeme aliganda na kile kikombe mkononi. Mwanamke huyu hakuwa amekanyaga nyumba ile tangu enzi za msonobari, na sasa anapitisha sahani kama mwenyeji, karibuni, karibuni, na kipande akampa Graeme mwenyewe, ambaye alikipokea kwa woga.

Kisha akawageukia wale vijana, akaanza. Kwamba yeye amelitazama paa hili miaka yote na hajaliona likitetereka katika upepo wowote. Kwamba mbao zake hazipatikani tena nchi hii. Kwamba mume wake, Ivan, kabla hawajakosana na Bwana Graeme, ndiye aliyebadilisha nguzo zote za chini, kwa mikono yake, akazichimbia mpaka kwenye mwamba na kuziweka mbilimbili pale ambapo mtu mwingine angeweka moja. Graeme akaitikia kwa kichwa kuwa ni kweli. Hata mimi nilikuwa nimeziona nguzo zile na kujiuliza ni kichaa gani alijichosha vile.

Nikakohoa. Noeline akaendelea. Nikasimama nyuma ya Hinerangi, nikamkonyeza Noeline, nikamtikisia kichwa, nikafanya ishara zote ambazo mtu mnene anaweza kufanya bila kuonekana. Aliniona vizuri sana, na nikamwona akiniona, na macho yake yakawa madogo kwa hasira. Alidhani ni mkaguzi aliyekuta uozo na sasa anampinga. Akazidi kupaza sauti. Nikasema, mama, skonzi zinapoa, hebu tukae kwanza. Akanijibu bila kunitazama kwamba basi nile.

"Mwanangu," akamwambia Hinerangi, akamshika mkono, "nyumba hii unaweza kuibebesha nyumba nyingine juu yake na isitikisike."

Hinerangi akamtazama Tipene, Tipene akatazama dari.

"Ghorofa nzima?" akauliza Hinerangi.

"Hata mbili," akasema Noeline.

Basi Hinerangi akanigeukia mimi. "Lafaele, ni kweli?"

Wote wakanitazama, na aliyenitazama kuliko wote alikuwa Noeline. Alikuwa ananisihi kwa macho yale niseme ndiyo, macho ya mtu anayeomba uhai wa mumewe. Ninyi mngefanyaje? Mteja wangu ameniuliza mbele ya watu, swali la kazi yangu, na jibu ninalo, nimelala juu ya zile mbao kwa tumbo langu. Anamtafutia mama yake mahali pa kulala. Nilichemka kwa hasira, siyo kwa Hinerangi, kwa ule mdomo wa Noeline usiojua kusimama.

"Ni kweli," nikasema. "Mhandisi atawathibitishia, lakini ni kweli."

Noeline aliniwahi pale mlangoni, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili na kunishukuru. Aliniambia mimi ni mtu mwema. Sijapata kutukanwa vibaya kama siku ile.

Vijana wakanunua. Bwana wa maghorofa akaenda kutafuta kilima kingine. Noeline alisherehekea kwa mvinyo, na Graeme alipoondoka kwenda Nelson alishuka kumpa jamu ya malimau, na nasikia waliagana vizuri kabisa, kila mmoja akiamini kwamba yeye ndiye aliyemkomoa mwenzake.

Kiangazi kilikuwa kinaelekea mwisho Noeline aliponipigia simu.

"Lafaele, wanasimamisha majukwaa pale chini. Wanatengeneza dohani?"

Nikamwambia. Hakukuwa na njia ya kumwambia taratibu, nikamwambia kama ilivyo, wanaongeza ghorofa kwa ajili ya mama mzazi wa Hinerangi.

"Nani aliyewaambia inawezekana?" akauliza.

Nilimsikia akivuta pumzi, akasema, "Mungu wangu, ni mimi," kisha akalia. Mimi si mtu anayejua la kufanya na kilio cha mama mtu mzima kwenye simu. Nilikuwa nikirudia tu kwamba nakuja, nakuja, na kweli nilikwenda, nikavipanda vile vidato vyote kwenda kuketi naye.

Alijaribu kupinga, lakini sheria mpya za mji zimelegezwa, siku hizi mtu anaongeza ghorofa yake bila kumuuliza jirani. Hinerangi alipokuja kujua habari ya Ivan alipanda mwenyewe na tumbo lake kubwa, naye akilia, akaahidi kushusha kimo cha paa kadiri watakavyoruhusiwa. Akashusha kweli, na ikaokoa nusu saa ya jua. Noeline alimfungia mlango. Alikuwa amemchukia, na kilichomuuma zaidi, alijua hana haki ya kumchukia.

Baridi iliporudi ukuta ulikuwa umesimama. Jua lilichungulia kwenye chumba cha vioo wakati wa uji wa asubuhi kisha likapotea. Noeline alikisukuma kiti kona hii, akakisukuma kona ile, hakuna kitu. Ivan akaanza kugeuza uso ukutani. Nilipopita kumsalimia aliniacha nikaongea na kisogo chake, na Noeline akaniambia ndivyo anavyokaa siku hizi kutwa.

Ndipo Parehuia, mama yake Hinerangi, alipofika. Sasa ile ghorofa, kwa vile kilima ni kilima, sakafu yake iko sawa kabisa na ukingo wa ardhi ya Noeline, na katikati, palipokuwa na ukingo wa bati la zamani, ni upenyo mtu angeweza kuuruka akiwa kijana. Wajenzi walikuwa wameacha mbao za majukwaa. Parehuia alikaa kwa mwanawe muda wa kutosha tu kufungua mizigo, akachukua ubao, akaulaza kutoka mlango wake wa nyuma hadi kwenye ukingo, akavuka na sahani ya mikate ya kukaanga na kubisha hodi. Noeline aliniambia kwamba alifungua akiwa na matusi tayari mdomoni. Hakupata nafasi ya kuyatoa. Yule mama alimpa sahani, akachungulia kwa juu ya bega lake ndani ya chumba cha vioo, akasema, "Dada, huyu baba mnamhifadhi kwenye friji?"

Na hakungoja ruhusa. Alimwita Tipene alaze mbao nyingine na kufunga kamba ya kushikia, akaachia breki za kiti, akambana blanketi vizuri. Hivyo ndivyo Ivan alivyotoka nje ya nyumba yake kwa mara ya kwanza tangu wauguzi wamwache pale. Hapakuwa na kidato hata kimoja. Wakamwingiza kwenye kile chumba kipya, ambacho upande mzima wa kaskazini, jua linakopita huku kwetu, ni vioo, na jua lake lote lilikuwa humo, lile alilonyang'anywa na la ziada.

Ikawa desturi. Kila asubuhi Noeline alimsukuma kwenye daraja, akamkabidhi kama mzigo, akageuka kurudi zake. Yeye mwenyewe hakukaa. Parehuia alimkaribisha kila siku na kila siku Noeline alikuwa na nguo za kuanika au simu ya kupiga, na ukweli ni kwamba alirudi kwenye kile chumba chake chenye giza akafuma sweta. Mtu aliyepigania jua miaka yote vile hawezi kwenda kuliomba kwa jirani. Parehuia kwa upande wake alikaa na Ivan na kumwelezea ng'ombe wake, wafu wake, na makosa ya watangazaji wa redio, bila kungoja jibu. Ikifika alasiri Noeline alivaa koti, akavuka, akamchukua mumewe.

Hinerangi aliniita kuja kutazama maungio ya paa jipya, upepo wa kusini ulikuwa umeinua bati la pembeni na maji yakaanza kuingia dirishani. Kwa hiyo siku ile nilikuwa humo chumbani, nimepiga magoti chini ya dirisha, na alasiri ikafika. Noeline akaingia na koti lake. Alinisalimia, akamsalimia Parehuia kwa kifupi, akasimama mbele ya kiti.

"Ivan, twende nyumbani."

Jua lilikuwa bado magotini pa mzee. Alimtazama mkewe. Midomo ikaanza kucheza, nami nilidhani anatafuna kitu. Parehuia akazima redio.

"Hapana," akasema Ivan.

Ilikuwa sauti nzito, kavu, lakini neno lilikuwa zima. Hakuna aliyeinuka. Noeline alishika mwimo wa mlango, na usoni mwake niliona jinsi anavyoumia na jinsi anavyofurahi, vyote kwa pamoja, hata hakujua aanze na kipi. Akakaa kwenye kitanda cha Parehuia bila kukaribishwa. Akamuuliza amesemaje. Ivan alikuwa ameshayarudisha macho dirishani, kana kwamba mazungumzo yamekwisha.

Noeline akainuka tena. Akafunga vifungo vya koti kimoja kimoja, akashika mikono ya kile kiti.

"Nimesema twende nyumbani, Ivan."

"Hapana."

"Mmesikia?" akatuuliza, machozi yanamtiririka. "Ananikatalia. Ananikatalia kabisa."

Daktari amesema huenda maneno mengine yakafuata, huenda yasifuate. Noeline hasubiri hayo mengine, hilo moja linamtosha. Siku hizi akimvusha mumewe asubuhi harudi tena kwake, anakaa hapohapo na sweta lake, karibu na Parehuia. Kila baada ya muda anaacha kufuma, anavaa koti, anakwenda kusimama mbele ya kiti na kumwambia Ivan waende nyumbani. Ivan anamkatalia, naye anavua koti, anakaa.